Wanajeshi Kumi na Saba Katika Vyumba Sita

Mwanamke yule hakupiga hodi. Alisukuma geti kwa goti, mikono yake yote imeshika kapu, akaniuliza mbele ya wateja wangu wote:

"Njo wewe Maman Margo? Njo wewe ulisema bwana yangu hakulala hapa?"

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua mlinisema. Hata muuza mkate wa avenue ya tano alinisimamisha njiani. "Maman Margo, umeacha mama wa watu mulangoni siku saba, hata kiti hukumupa?"

Basi nimempa kiti. Kaeni na nyinyi, hasa nyinyi mnaonisoma kwenye foleni ya mafuta, maana najua hamna pa kwenda.

Kwa waliochelewa nitasema haraka, kwa sababu aibu ikipoa haimezeki.

Nina nyumba ya kulala wageni hapa Cibitoke, mtaa wa Bujumbura. Vyumba sita, choo kimoja, na meza nane uwanjani za watu wa brosheti, mishikaki yetu. Mwanajeshi akitumwa Bujumbura kikazi kutoka kambi za huko juu, anarudishiwa gharama ya kulala, lakini mpaka apeleke fakitire, ile risiti, yenye kashe, yaani muhuri, ya nyumba aliyolala. Akilala kwenye kochi la dada yake kule mtaa wa Kinama harudishiwi kitu, hata kama kochi limemvunja mgongo.

Serija Patrick, sajenti wa moja ya kambi hizo, ndiye aliyenieleza dhuluma hiyo, na mimi nina roho nyepesi. Nikamwandikia fakitire ya usiku mmoja ambao hakulala kwangu. Akaleta rafiki. Rafiki akaleta kambi.

Sikuwatoza hata faranga. Walikuja jioni, wakala, wakanywa, wakanipa habari za wake za wakubwa wao, wakacheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mimi nyumba ikijaa ndipo najihisi mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa bei yangu.

Halafu siku moja akanipigia simu mtu wa kambini, sauti kavu kama muhogo wa jana. Akauliza: nyumba yangu hutoa fakitire kwenye karatasi ya daftari la shule, bila kashe?

Nikaogopa. Mdomo wangu ukatangulia kichwa.

"Apana, afande! Kwangu kila fakitire iko na kashe. Hiyo ya daftari si yangu."

Nikakata simu, nikajipongeza kwa bia ya baridi.

Mwenye karatasi ile alikuwa mwanajeshi mmoja, Ajida Hyacinthe. Na huyu niliyempa kiti, kapu lake miguuni, ndiye mkewe. Anaitwa Léocadie.

"Kunywa chai kwanza, mama," nikamwambia.

"Sikuja kwa chai."

"Fanta je?"

"Mama, bwana yangu iko mu kasho ya kambi tangu Ijumaa."

Meza nane zikaacha kutafuna. Wateja wangu huacha nyama hivyo kwa mambo mawili tu: penalti, na habari ya mtu kufungwa.

"Walisema fakitire yake amejitungia. Wakapiga simu hapa kuuliza. Ukamukana. Alhamisi baraza linakaa juu yake. Watamuvua uniforme. Miaka makumi mbili na mbili ya kazi, imebaki mwaka moja tu apate pansiyo yake. Nyumba tunalala ni ya kambi. Niko na watoto wane. Sasa niangalie mu macho. Alilala hapa ao hakulala?"

Alilala.

Alilala siku tatu, chumba cha nne. Alikohoa mpaka alfajiri, nikamchemshia maji na tangawizi. Hakugusa bia. Kila asubuhi alitandika kitanda mwenyewe, shuka limenyooka hata nikaona haya kulitandua. Katika wanajeshi wote waliopata karatasi kwangu mwezi ule, ni yeye peke yake aliyelala kwangu kweli.

Na ni yeye peke yake ambaye sikumpa fakitire ya maana.

Maana asubuhi aliyoondoka, kitabu cha fakitire na kashe havikuwepo. Serija Patrick alikuwa ameviazima "saa moja tu" awaandikie wenzake wote kwa pamoja kule Kinama, wasinisumbue mmoja mmoja. Saa moja ikawa siku mbili. Gari la kambi linapiga honi nje, ajida anangoja kwa adabu, kofia mkononi. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika kwa mkono, nikatia sahihi.

"Watakubali tu," nikamwambia. "Karatasi ni karatasi."

Kwa hiyo waliolala kwa dada zao walipeleka fakitire safi, kashe nyekundu kama nyanya. Aliyelala kwangu akapeleka ukurasa wenye doa la kikombe cha chai.

"Alilala," nikamwambia Léocadie kwa sauti ndogo, ili meza zisisikie.

Meza zikasikia.

"Basi twende ukaseme hilo neno moja," akasema. "Moja tu. Mi sina kingine nakuomba."

Neno moja! Jirani yangu Miza, mwenye duka la magodoro ukuta kwa ukuta na mimi, alikuwa ameshaingia bila kuitwa. Miza masikio yake hayafungi duka.

"Margo, njoo jikoni mara moja. Sufuria inaungua."

Hakuna sufuria iliyokuwa motoni. Jikoni akanishika mkono.

"Shoga, usikurupuke. Ukisema karatasi ya daftari ni yako, watauliza kashe ilikuwa wapi. Ukisema ilikuwa kwa Patrick, watauliza Patrick alikuwa anagonga nini. Wallahi utavuta uzi mmoja, nguo yote itaisha."

"Na yule mama?"

"Mpe nauli, mfungie samaki wa ndagala apelekee watoto. Allah atamfungulia mumewe."

"Kwa mkono wa nani, Miza?"

"Si wa kwako! Ulikuja hapa kutoka Uvira na mabegi mawili. Mwenye nyumba anangoja sababu tu akutoe, ameshaahidi shemeji yake vyumba hivi. Uvira kuna nani anakungojea?"

Nikashika mwiko, nikakoroga ile sufuria isiyokuwa motoni.

Mara geti likagonga ukuta. Serija Patrick, bila uniforme, jasho mpaka kwenye mkanda.

"Maman Margo! Iko anakuja!"

"Nani tena?"

"Kapiteni Xavier. Mukontrola. Anataka kuona nyumba na macho yake. Iko anakuja na miguu kutoka mujini, nimemupita pale kwa soko. Mu fakitire zetu, tarehe tisa mwezi wa ine, tulilala hapa watu kumi na saba."

"Usiku moja?"

"Moja."

"Patrick! Mi niko na vyumba sita!"

"Njo maana nimekimbia."

"We uliandika tarehe moja kwa watu wote? Akili ulikuwa umeweka wapi?"

"Maman, tulikuja mu lori moja. Karatasi za misheni, za kututuma kazi, zote ziko na tarehe moja. Ningeandika walilala siku gani, kesho yake?"

Ndiyo hapo nikaelewa. Nilipokuwa naandika mwenyewe, niliandika leo mmoja, kesho wawili. Walipojiandikia wenyewe, wakaniletea batayo, kikosi kizima.

Patrick akageuka, akamwona Léocadie. Akamtambua. Wake wa kambi moja hawajifichi.

"Mama ajida," akasema, akaangalia viatu vyake. "Usihuzunike. Yeye tutamusaidia nyuma. Kwanza tuokoe hawa kumi na saba."

"Walilala wapi, hao kumi na saba?" Léocadie akauliza.

Patrick akajifuta jasho kwa shati.

"Basi. Waliolala kwa dada zao wanaokolewa kwanza, aliyelala hapa angoje nyuma. Iko vizuri, serija. Endeleeni. Mi niko hapa."

Akabeba kiti chake, akakisogeza karibu na jiko, akakaa.

Mngetegemea hapo nijirudi. Bado. Mimi ni mtu wa kujirudi polepole. Kilichofuata ni aibu tupu, lakini nitaisema, maana mtaa mzima ulishaisema.

Tulianza kutafuta magodoro.

Patrick akasema, chumba kimoja kikiwa na matatu chini, vyumba sita ni kumi na nane, moja linabaki la akiba. Miza, ambaye dakika tano nyuma alikuwa ananihubiria nisikurupuke, akafungua duka lake kwa moyo mmoja. Kuna watu ukiwaambia waseme kweli wanaumwa kichwa, ukiwaambia wabebe godoro wanapona.

"Lakini musitoe nailoni!" akapiga kelele. "Mutu akitoa nailoni, amenunua!"

Kinyozi akaleta benchi lake. Wateja wa meza ya tatu wakaacha brosheti, wakabeba. Mama wa avenue ya sita akaleta godoro la nusu mita.

"Mama, hii si ya mutoto?"

"Muliomba matela. Hamukuomba urefu."

Nyumba ikajaa kuliko Noeli. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya zogo lile nilifurahi. Watu wanaingia, watu wanatoka, mmoja ananitania, mwingine ananiita. Nikasahau kabisa kuna mtu yuko kasho kwa ajili ya mdomo wangu.

Kisha geti likagongwa mara tatu, taratibu.

Kapiteni Xavier alikuwa mtu mdogo, mwenye miwani na faili chini ya kwapa, vumbi mpaka magotini. Aliomba maji kwanza. Akanywa, akashukuru.

"Samahani, mama. Mafuta yamekosa hata kwetu. Nitaangalia kidogo tu, niende."

Nikaijua ile sauti kavu. Ndiyo iliyonipigia simu.

Tukaanza chumba cha kwanza.

"Hapa walilala wangapi?"

"Watatu, afande."

Akainama, akabonyeza godoro. Nailoni ikalia.

"Hii bado mupya."

"Tunaheshimu jeshi, afande."

"Asikalie!" sauti ya Miza ikasikika dirishani.

Kapiteni akaandika. Chumba cha pili, akaandika. Chumba cha tatu, akasimama juu ya lile godoro la mtoto, lenye picha ya bata.

"Na hapa?"

"Kaporali mufupi, afande," Patrick akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Jina lake?"

"Nitakumbuka, afande."

"Sawa. Choo ziko ngapi?"

"Kimoja," nikasema.

"Watu kumi na saba, choo moja, na lori linaondoka saa kumi na mbili asubuhi?"

"Kwa zamu, afande. Wana nidhamu sana."

"Nidhamu," akasema, akaliandika neno hilo polepole. Sikuona kama anacheka. Yule mtu uso wake hautoi habari.

Tukarudi uwanjani. Akakaa, akafungua faili, akazitandaza fakitire kumi na saba mezani kama karata. Zote nzuri, zote kashe moja, mwandiko mmoja. Pembeni akaweka ile karatasi ya daftari.

"Mama, mi sina maneno mingi. Magodoro nimeona. Nipe tu kitabu cha wageni, nilinganishe majina, nimalize."

Wenzangu wa nyumba za wageni watakuwa wameshashika vichwa. Kwa wengine nieleze.

Kila nyumba ya wageni ina kitabu. Mgeni akifika, kabla sijampa ufunguo, nachukua kitambulisho chake, naandika jina, namba, anakotoka, chumba. Polisi wa mtaa wakipita wanakiangalia. Hilo ni jambo la mkono, unalifanya bila kufikiri. Lakini wale wa Patrick hawakuwahi kuomba ufunguo. Waliomba fakitire tu. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kukumbuka kitabu, si wao, si mimi. Tumejaza nyumba magodoro ya mtaa mzima, na kitabu kimelala kitupu ndani ya saraka, chini ya redio.

Si kitupu kabisa. Tarehe tisa mwezi wa nne kilikuwa na jina moja.

"Afande," Patrick akarukia, "kile kitabu kililowa. Ziwa lilipanda."

Kapiteni akamwangalia juu ya miwani. "Ziwa lilipanda mpaka Cibitoke?"

"Nilitaka kusema mvua, afande."

"Mvua gani, serija? Tuko mwezi wa saba."

Meza ya tatu ikakohoa kuficha kicheko. Patrick akanikanyaga mguu chini ya meza. Dirishani Miza alikuwa anatikisa kichwa, hereni zikigonga mashavu: usithubutu, usithubutu.

Mimi nikamtazama Léocadie.

Hakuwa ananitazama. Nilitaka anitazame, anilaani, anitolee macho, nipate kumkasirikia. Apana. Alikuwa amevuta ungo wangu kwenye mapaja, anachambua maharage yangu. Anatoa mawe, anaweka pembeni, anapuliza maganda. Amekuta kazi imelala kwa watu, mikono yake haikuweza kukaa bure. Kapiteni alimdhania mpishi.

Nikasema moyoni, huyu mwanamke na mumewe ni watu wa aina moja. Yule ananitandikia kitanda, huyu ananichambulia maharage. Na mimi nawauza kwa meza nane za wacheka bure.

Nikasimama.

"Maman, mguu wako unaumwa, kaa chini," Patrick akanong'ona.

"Mguu unaumwa juu umeukanyaga."

Nikaenda kwenye saraka, nikatoa redio, nikatoa kitabu. Nikakifungua mwezi wa nne, nikakiweka juu ya zile fakitire.

Kapiteni akapitisha kidole. Kikasimama.

"Tarehe tisa. Hyacinthe, ajida. Chumba cha ine." Akageuza ukurasa, akarudi. "Iko moja tu."

"Moja tu, afande."

"Na hawa kumi na saba?"

"Walilala kwa dada zao."

"Wote?"

"Wengine kwa shangazi."

Safari hii meza ya tatu ilicheka wazi. Patrick akarudi nyuma, akaingia chumba cha tatu, akaketi juu ya godoro la bata, mikono kichwani.

Kapiteni Xavier akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu.

"Mi njo nilikupigia simu, mama."

"Najua, afande."

"Nilikuuliza vizuri. Juu ya nini ulikana?"

"Niliogopa. Na zile zingine zilikuwa nzuri, hii ilikuwa mbaya. Nikachagua nzuri."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Akachukua karatasi nyeupe, akaandika maneno yangu moja moja, akanisomea: mimi Marguerite, mwenye nyumba fulani, nathibitisha kwamba Ajida Hyacinthe alilala kwangu siku tatu, kwamba karatasi ya daftari ni mkono wangu, kwamba zile kumi na saba ni za uongo. Nikatia sahihi. Nikaleta kashe, nikagonga.

"Na mimi, afande? Nyumba yangu?"

"Ya nyumba yako wengine watakuja kuuliza," akasema. "Mi leo niko na kazi ya ajida. Na hii inatosha. Alhamisi nitaiweka mbele ya baraza, atarudi kwa watoto wake."

Léocadie akaangusha ungo. Maharage yakatawanyika uwanja mzima, akacheka na kulia pamoja, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Miza, yule yule wa usithubutu, akapiga kigelegele dirishani. Mtu akaita bia kwa meza zote. Nikawaza: kumbe ukweli nao unajaza nyumba!

"Ngoja nimuambie mwenyewe," Léocadie akasema. "Kuna mulinzi moja pale kasho ni mutu wa kwetu, ananipeaka simu yake."

Akapiga. Akaweka sauti ya juu, tufurahi wote. Mlinzi akapokea, tukasikia mlango wa chuma, tukasikia viatu, tukasikia kikohozi ninachokijua.

"Hyacinthe! Mama wa nyumba amesema! Amesaini, na kashe!"

"Amesaini nini?"

"Kwamba ulilala hapa! Kapiteni iko hapa, amekuandikia. Umepona, baba Elysée!"

Akakohoa kwanza.

"Léo," sauti ikarudi, "mi pia nilisaini asubuhi."

"Ulisaini nini?"

"Kwamba sikulala."

Miza alikuwa ameanza kigelegele cha pili. Kikakatika katikati.

"Walikuja wakubwa watatu wa baraza," ajida akaendelea. Alisema taratibu, kama mtu anayetoa ripoti. "Wakanambia mwenye nyumba amenikana, hakuna tena wa kunisemea. Wakanambia nikikubali kosa, watanipunguzia, pansiyo haitaenda yote. Nikafikiri watoto. Nikakubali. Nikaandika kwamba karatasi nilijitungia, kwamba nililala kwa binamu."

"Binamu gani?" Léocadie akauliza. "Uko na binamu Bujumbura?"

"Sina."

Nikamwangalia Kapiteni Xavier. Kwa mara ya kwanza uso wake ulitoa habari, na haikuwa nzuri. Alikuwa ameishika karatasi yangu kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto.

"Hiyo sikujua," akasema. "Walikwenda bila mimi."

"Si bado kuna hii yangu, afande?" nikauliza. "Si inasema kweli?"

"Mama, kesi ya fakitire ni kesi ndogo, nilikuwa naimaliza na hii. Lakini sasa ameandika uongo mbele ya wakubwa watatu, na jina lake chini. Nikipeleka karatasi yako, inaonyesha wazi amedanganya baraza. Kwa hilo hawapunguzi. Anatoka bila uniforme, bila hata nusu ya pansiyo."

"Na usipoipeleka?"

"Anabaki mwizi wa malazi ya siku tatu. Anapata ile nusu, labda. Na jina limekwisha."

Maharage yalikuwa yamezagaa miguuni mwetu na hakuna aliyeinama kuokota.

Nikafikiri: mtu huyu hajui uongo. Miaka ishirini na miwili hajaujua. Nilimfundisha mimi, kwa ile simu ya kumkana, kwa dakika moja, na hata vizuri hakuujua. Mtu gani anatunga binamu?

Sauti ikatoka tena simuni. "Léo, yule mama iko karibu?"

"Iko hapa."

"Mupe simu."

Léocadie akanipa.

"Mama Marguerite," ajida akasema, "mi sina hasira. Kuogopa ni ya kila mutu. Lakini nikuulize kitu, juu hapa ndani hakuna wa kuniambia. Nikirudi kwa wakubwa niseme nilidanganya asubuhi, niko muongo. Nikinyamaza, niko mwizi. Mambo ya karatasi za uongo, we uko na mazoea, mi sina. Ungekuwa mahali pangu, ungesema nini?"

Alikuwa hanitukani. Hicho ndicho kilichoniua. Alikuwa ananiuliza kweli, kama mtu anavyomuuliza fundi.

Uwanja mzima ukanigeukia: Miza, meza nane, Patrick kichwa nje ya chumba cha tatu. Kapiteni Xavier akaweka karatasi yangu mezani katikati yetu, akaangalia saa.

"Nina dakika kumi, mama," akasema. "Nikiondoka nayo hapa, siirudishi."

Simuni ajida alikuwa anangoja, anakohoa kidogo kidogo, kwa adabu. Nikafungua mdomo.